Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kazi Yetu Wodini na Mama Aliye Kando ya Kitanda

Ndugu wanachama,

Asalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe, tumaini jema. Katiba yetu inanitaka nitoe taarifa ya mwaka kabla ya Mkutano Mkuu, nanyi muisome mapema ili siku ya mkutano tujadili badala ya kusomeana.

Kwa waliojiunga karibuni: sisi ni Watanzania, Wakenya na marafiki zetu tunaoishi Uingereza. Wengi tunafanya kazi za uuguzi na za kuangalia wazee na wagonjwa. Chama hiki kipo kwa ajili ya wodi moja nchini Tanzania, wodi ya watoto waliozaliwa na mgongo wazi, yaani uti wa mgongo usiofunga vizuri, au wenye kichwa kikubwa kwa sababu ya maji yaliyojaa ubongoni. Tunakwenda kwa kupokezana na kwa kujitolea, kila mtu kwa nauli yake, hospitali ikiwa mwenyeji wetu.

Jambo kubwa la mwaka huu ni kwamba kamati imeandika upya maelekezo ya kazi ya anayejitolea. Zamani barua yake ilisema anakwenda kuwahudumia watoto. Sasa inasema anakwenda kumsaidia mama anayemhudumia mtoto. Baadhi yenu mlipiga simu kuuliza tofauti iko wapi, na wengine mlikasirika kidogo, mkaona kama tunawatoa kwa watoto. Nitalieleza hili kwa urefu. Mengine nitayapitia haraka.

Mtoto wa wodi hii halazwi peke yake. Mama yake, au bibi, au shangazi, analala naye kitanda kimoja au anatandika mkeka sakafuni pembeni. Yeye ndiye anayemgeuza, kumnyonyesha, kumwogesha, kufua khanga na kuzianika, kupanga foleni ya dawa. Nesi wa zamu ya usiku ana wodi nzima mikononi mwake. Mtu wetu akija na shauku ya kumbeba mtoto, mama anamwachia kwa heshima, anakaa pembeni anatazama. Siku inapita vizuri, picha ya moyoni ni nzuri, lakini hakuna alichojifunza yule ambaye wiki ijayo atapanda basi na mtoto huyo kurudi kijijini.

Na anarudi na mzigo mzito. Mtoto mwenye kichwa kikubwa aliyefanyiwa upasuaji mara nyingi amewekewa mrija mwembamba unaopita chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni, ili maji ya ubongo yapate pa kushukia. Mrija huo unaweza kuziba au kuingiwa na maambukizi wakati wowote, mwezi wa pili au mwaka wa sita. Ukiziba, daktari wa upasuaji wa ubongo yuko mbali, pengine siku nzima ya safari. Aliye karibu ni mama. Ni yeye atakayegundua kwamba mtoto anatapika bila sababu, analala kupita kawaida, macho yanaelekea chini hadi weupe unaonekana juu ya mboni, ana homa au degedege. Mama aliyefundishwa hufunga safari siku hiyo hiyo. Asiyefundishwa huambiwa na majirani asubiri, na mtoto anaumia ubongo akiwa amelala mgongoni mwa mama yake.

Nilipotembelea wodi mwaka huu nilimkuta mmoja wa wauguzi wetu ameketi kwenye kiti cha plastiki na mama mdogo, bado binti, kando ya dirisha. Alikuwa anamfundisha kupapasa utosi, ile sehemu laini ya juu ya kichwa cha mtoto mchanga inayoweza kukaza mrija ukiziba. Kwanza mtoto apakatwe wima. Pili asubiriwe atulie, kwa sababu akilia utosi hukaza hata kama mrija ni mzima. Kisha vidole viwili, kwa wororo, bila kubonyeza. Binti alirudia mara kadhaa na kila mara alimtazama muuguzi usoni kuliko kumtazama mtoto. Muuguzi wetu akamwambia, “Mdogo wangu, usinisome mimi, msome yeye.” Asubuhi iliyofuata nilimwona binti yule yule kwenye kitanda cha jirani, ameshika mkono wa mama mwingine aliyeingia usiku, anamwelekeza: subiri kwanza atulie. Hakuna aliyemtuma. Ndugu zangu, hiyo ndiyo kazi ninayotaka chama hiki kifanye.

Habari ni hiyo hiyo kwenye mpira wa mkojo. Watoto wengi wenye mgongo wazi kibofu chao hakimwagi mkojo wote, kwa kuwa mishipa ya fahamu ya kibofu imeathirika. Mkojo unaobaki huleta maambukizi na hurudi juu kwenye figo, na figo zikiharibika zinaweza kumuua mtoto akiwa ameshavuka hatari ya upasuaji. Dawa yake ni kutoa mkojo kwa mpira mwembamba kila baada ya saa chache mchana kutwa, kila siku, miaka yote. Mama akisikia hivyo mara ya kwanza anaogopa atamtoboa mwanawe. Tunampa habari njema: tangu mwaka 1972, kwa kazi ya daktari Jack Lapides wa Marekani, inajulikana kwamba usafi wa kawaida unatosha, si lazima vifaa vilivyotakaswa kama vya chumba cha upasuaji. Maji safi, sabuni, mikono iliyooshwa vizuri. Hayo yanawezekana kwenye nyumba yenye beseni moja. Lakini hayafundishiki kwa siku mbili. Mama huyu huyu anatakiwa pia ajue kukagua miguu na makalio ya mtoto kila jioni, kwa kuwa mtoto hasikii maumivu huko na kidonda huanza kimya kimya, na ajue kumgeuza usiku ili asilalie upande mmoja.

Kwa sababu hiyo kamati iliamua kwamba anayekwenda wodini akae wiki zisizopungua nane. Najua uzito wa uamuzi huo. Wengi wenu likizo yenu ya mwaka ni siku 28 za kisheria na si zaidi, na kodi ya nyumba haisubiri. Tulisikiliza hoja zote na tumebaki na wiki nane, lakini tumeongeza mambo mawili. La kwanza, mwanachama atakayechukua likizo isiyo na malipo atasaidiwa sehemu ya kodi yake kutoka mfuko wa chama. La pili, mwenye wiki mbili tu asikatae kwenda, ila kazi yake iwe nyingine: kufundishana na wauguzi wa pale, kurekebisha viti, kukaa na afisa ustawi wa jamii kupanga safari za watoto wanaorudi kliniki. Kitandani hatutampeleka. Mtoto aliyelazwa miezi mitatu ameshazoeana na watu wengi waliompenda kwa siku kumi wakatoweka. Mimi naona ni haki yake asiongezewe mwingine.

Mnajua pia kuna mawakala wanaouza safari za namna hii kwa vijana wa Ulaya: mbuga wiki moja, watoto wenye ulemavu wiki moja. Wakala mmoja alituandikia akitaka tumpokelee wateja wake kwa malipo mazuri. Kamati ilikataa kwa kauli moja na sijutii senti hata moja ya fedha hizo.

Lugha ni neema yetu kubwa. Mama haogopi kuuliza jambo la aibu akiwa anaongea na dada yake kwa Kiswahili, na kuna maswali ambayo hayaulizwi kupitia mkalimani. Humuuliza mtu wetu kama mumewe aliyeondoka ana haki kusema tatizo limetoka upande wa mke. Humuuliza kama ni laana, kama ni kwa sababu alimcheka mlemavu akiwa mjamzito. Jibu tunalo na tunalitoa bila kumung'unya maneno: si laana na si kosa lake. Uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 za mwanzo baada ya mimba kutunga, wakati wanawake wengi hawajajua hata kama ni wajawazito. Na kichwa kikubwa mara nyingi huja baada ya mtoto mchanga kupata maambukizi. Utafiti wa Mbale, Uganda, ulionyesha kwamba kwa zaidi ya nusu ya watoto waliofika pale na kichwa kikubwa, tatizo lilikuwa limeanzia kwenye maambukizi.

Nimetaja Mbale, na niseme kidogo zaidi. Pale ndipo daktari Benjamin Warf, kuanzia mwaka 2001, alipoiendeleza njia ya kutumia kamera ndogo kufungua mlango mpya wa maji ndani ya ubongo na kuchoma sehemu ya utando unaoyatengeneza, ili mtoto asihitaji mrija. Haimfai kila mtoto. Lakini iliendelezwa na mtu aliyekaa na watoto hawa miaka, akaona wakifa kwa mirija iliyoziba mbali na hospitali, akatafuta njia inayolingana na maisha yao. Kila ninapoulizwa kwa nini tunang'ang'ania watu wakae muda mrefu, huyu ndiye mfano wangu.

Sasa vifaa. Nawaomba tena, na safari hii naomba kwa msisitizo: msitume baluni. Msitume wala kubeba glavu au mipira ya mkojo ya mpira asilia (latex). Watoto wenye mgongo wazi hupata mzio wa mpira asilia kwa urahisi kuliko watoto wengine, kwa sababu wanaguswa nao tangu kuzaliwa, na mzio huo unaweza kuua. Zawadi ya rangi rangi iliyofungwa kwenye kitanda inaweza kumfanya mtoto ashindwe kupumua. Viti vya magurudumu vilivyotumika vya watu wazima pia hatutavipokea tena. Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo wake mwaka 2008 kwamba kiti kimlingane mtu, na mtoto wa miaka minne kwenye kiti cha mzee hupata vidonda na kupinda mgongo. Mwenye nia ya kutoa kiti atoe fedha, kitatengenezwa Tanzania kwa vipimo vya mtoto mwenyewe, na fundi wa kukikarabati atakuwa karibu.

Kuhusu picha. Mwaka huu picha ya mtoto wa wodi hii, uso wazi, kichwa kimevuliwa kofia, iliwekwa mtandaoni na mgeni aliyepita kuitembelea. Ilisambaa, ikamfikia mjomba wa mtoto kijijini kabla familia haijaambiwa ugonjwa. Tulihakikisha inaondolewa, lakini maumivu ya mama yule hayakuondoka nayo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hali ya afya ya mtu ni miongoni mwa taarifa nyeti. Kwa upande wetu sheria ni fupi kuliko hiyo: simu haziingii wodini. Anayeona hawezi, asiende.

Vibali. Wenye pasipoti za Tanzania hawana shida. Lakini wenzetu waliochukua uraia wa Uingereza, wakijua kwamba Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, wanaingia kama wageni, na kujitolea ni kazi kwa macho ya Uhamiaji. Msiende kwa viza ya matembezi mkitegemea sura na lafudhi. Wasilianeni na katibu miezi mitatu kabla. Wauguzi pia waanze mapema usajili wa muda kwenye Baraza la Uuguzi na Ukunga. Bila huo, mtu wetu anaweza kufundisha na kusindikiza, lakini asiguse sindano. Na kila mmoja, hata mimi, anatoa hati ya polisi ya kuonyesha hana rekodi ya uhalifu.

Mweka hazina atasoma hesabu zilizokaguliwa siku ya mkutano, kwa hiyo sitazirudia. Niseme tu kwamba matumizi makubwa yalikuwa mipira ya mkojo na viti, na makusanyo ya Ramadhani na ya Krismasi ndiyo yaliyotuvusha.

Jambo moja liko nje ya wodi lakini nalibeba kwa moyo wote. Kinga ya mgongo wazi inajulikana. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 1991 ulionyesha kwamba asidi ya foliki, aina ya vitamini B, ikitumiwa kabla na mwanzoni mwa mimba hupunguza kurudia kwa tatizo hili kwa karibu robo tatu. Kwa mwanamke yeyote anayeweza kushika mimba ni mikrogramu 400 kwa siku. Aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi anahitaji dozi kubwa zaidi, kwa ushauri wa daktari. Tanzania ina kanuni za kurutubisha unga, yaani kuuongezea virutubisho kama asidi hii, tangu mwaka 2011, lakini unga wa mashine ya kijijini haupiti kiwandani, na huo ndio unaopikwa ugali na mama zetu. Mnapopiga simu nyumbani kwa wadogo zenu walioolewa, waambieni wasisubiri kliniki ya wajawazito ndipo waanze vidonge. Hapo siku 28 zimeshapita.

Watoto kadhaa tuliowajua kwa majina hatunao tena. Majina yao sitayaandika hapa kwa heshima ya wazazi. Wanachama waliokuwa zamu siku hizo walikaa na mama hadi gari la kumbeba marehemu lilipopatikana, na katika kesi moja walisafiri naye. Nawashukuru kwa niaba yenu. Namshukuru pia muuguzi kiongozi wa wodi, ambaye huwapokea watu wetu kama wadogo zake na huwarekebisha bila kuwaaibisha, na chama cha wazazi, ambacho wanachama wake hurudi wodini na watoto wao waliokwisha kua, wakiwa na sare za shule, ili mama aliyeingia jana awaone kwa macho yake.

Ajenda ya kupigia kura ni moja. Mama wengi hawarudi kliniki kwa sababu ya nauli. Mtoto mwenye mrija anaruhusiwa akiwa mzima, tarehe ya kurudi imeandikwa kwenye kadi, siku inafika na nauli ya watu wawili haipo. Kamati inapendekeza ada ya mwezi iongezwe kwa pauni mbili kwa kila mwanachama, na nyongeza hiyo yote iwe ya nauli, ilipwe na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kwa mama anayefika na kadi yake. Rasimu ya utaratibu mtaipata kwa katibu. Isomeni, na mwenye marekebisho ayalete kwa maandishi wiki moja kabla ya mkutano.

Wenu katika utumishi,
Mwenyekiti