Vikao vya wakulima na wafugaji vianze na kusimuliana visa

Mhariri,

Mifugo ikiingia mashambani huku Witu au Mpeketoni, huitishwa baraza, wakubwa wakahutubia, watu wakarudi makwao na kinyongo kile kile.

Tunaomba pawe na vikao vidogo vya watu 8 hadi 12, nusu wakulima, nusu wafugaji, wakae duara bila meza kuu. Wagawanywe wawili wawili, mmoja wa kila upande. Mmoja asimulie kisa kimoja kilichomfika, dakika 5. Mwenzake asikatize wala asijibu. Kisha wabadilishane. Baadaye kila mtu alisimulie kundi kisa cha mwenzake kwa nafsi ya kwanza, na mwenyewe amsahihishe. Hapa pasiharakishwe kabisa: ni vigumu mno kutamka "ng'ombe wangu walikufa kwa kiu" kwa dharau mbele ya aliyewapoteza.

Kikao huharibika mwezeshaji akiruhusu ubishi wa nani alianza, au kisa kikitolewa nje bila idhini. Madai ya fidia yawekewe siku yake, maana yakichanganywa watu huficha yaliyowauma na kutaja hasara tu. Aliyefiwa karibuni asilazimishwe kusema. Wanawake waanze na duara lao, la sivyo wengi watanyamaza.

Wawezeshaji wa mazungumzo ya jamii,
Lamu