Magitaa ya zamani yasitobolewe

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wanamuziki wa Nairobi, hasa vijana waliorithi vyombo vya wazee wao, wasikubali gitaa la zamani la ubao wa kuchonga litobolewe ili litiwe pikapu, yaani kifaa cha kunasa mtikisiko wa nyuzi na kuupeleka kwenye amplifaya.

Juzi mteja aliniletea hapa karakanani Kariokor gitaa la marehemu mjomba wake. Kuna fundi aliyekwisha kulikata kwa msumeno tundu la mstatili kati ya shingo na daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi juu ya ubao. Nilipomulika tochi ndani kupitia tundu la herufi f, nikaona fito mbili zinazoshikilia ubao wa juu zimekatwa zote. Tayari ubao umebonyea chini ya daraja, na nyuzi zinazidi kuukandamiza kila siku. Iliniuma sana.

Wanaofanya hivi hujitetea kwamba hata kampuni ya magitaa ya Gibson walitoboa. Ni kweli, lakini tuangalie walivyotoboa. Gitaa lao la L-5 lilitoka Kalamazoo, Marekani, mwaka 1922, enzi za mhandisi wao Lloyd Loar, likiwa na upana wa inchi 16 na ubao wa mti wa sprusi uliochongwa ukatuna kama wa fidla. Halikuwa na umeme. Lilitakiwa lisikike lenyewe katikati ya tarumbeta na ngoma, ndiyo maana mwaka 1934 wakalipanua hadi inchi 17. Mwaka 1939 wakaanza kuyatoa pia yenye bega lililokatwa, mkono ufike noti za juu.

Kwa L-5, pikapu za kuzamishwa ubaoni zilikuja na toleo lake la umeme, L-5CES, mwaka 1951. Hapo hawakuchukua gitaa lile lile wakalitoboa tu. Waliuacha ubao wa juu uwe mnene zaidi, na fito zake zikawa nzito. Walikuwa na sababu: ubao mwembamba hutikiswa na sauti ya spika, pikapu inaunasa mtikisiko huo na kuurudisha kwenye amplifaya, spika inautikisa ubao tena, na mwisho ukumbi mzima unasikia mlio mkali. Miaka miwili kabla yake, gitaa lao jingine la umeme, ES-175, lilikuwa limeundwa kwa plaiwudi, ambayo haitikisiki upesi hivyo na bei yake ni nafuu.

Kwa hiyo ukilitoboa gitaa lililochongwa kupigwa bila umeme, sauti yake ya asili inakufa, na kwenye amplifaya bado litakusumbua kwa ule mlio.

Anayetaka umeme amwombe fundi pikapu ya kuning'inia. Kampuni ya DeArmond walizitengeneza tangu enzi hizo hizo. Inafungwa mwisho wa shingo au kwenye kile kibao kinachokinga gitaa lisikwaruzwe, na kitufe cha sauti kinakaa hapo hapo. Ubao wa juu hauguswi, na siku mwenye gitaa akitaka kuiondoa, bisibisi inatosha.

Fundi wa magitaa,
Kariokor, Nairobi