Injini iliyochoka ikianza kugonga, ipimwe kabla ya kuhukumiwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowatia hasara watu wengi wenye magari yaliyokwisha kutembea kilomita 200,000 na zaidi. Injini ikianza kugonga, fundi huinua boneti, husikiliza dakika moja, kisha hutamka kwamba imenoki na dawa yake ni ovahoo (kuifungua yote na kuitengeneza upya) au injini nyingine. Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi mno hukumu hiyo hutolewa bila geji yoyote na bila hata filta ya oili kufunguliwa. Wapo pia wanaofanya kinyume: humimina oili nzito ili mlio ufifie, na gari huendelea kutembea mpaka konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na mhimili mkuu wa injini (kranki), inapotoboa bloku. Wote wawili hawajapima.

Kipimo cha kwanza hakihitaji fundi. Egesha gari mahali tambarare, zima injini, subiri dakika kumi, kisha chomoa kijiti cha oili. Injini iliyochoka inaweza kula lita moja ya oili kila kilomita 1,000. Kama sampu (bakuli la oili chini ya injini) inabeba lita 4 na sevisi hufanywa kila kilomita 5,000, oili itakwisha kabla ya siku ya sevisi. Watu husubiri taa nyekundu ya oili, nayo haionyeshi kiwango bali presha. Inapowaka, pampu huenda imekwisha kuanza kuvuta hewa. Oili ikizidi alama ya juu nako ni tatizo, kwani kranki huipiga ikatoa povu, na tapeti za haidroliki (visukuma valvu vinavyojazwa oili) zilizoingiwa na hewa huanza kugonga. Rekebisha kiwango kwanza, kisha sikiliza upya.

Katika kusikiliza, maswali ni matatu: unagonga lini, unagonga mara ngapi, na unagonga wapi. Mlio mkavu unaosikika injini ikiwa baridi na kupotea ikipata moto kwa kawaida ni pistoni inayocheza ndani ya silinda iliyolika, au manifoldi ya ekzosi inayovuja na kujiziba chuma kinapotanuka. Injini yenye hali ya kwanza inaweza kuendelea kufanya kazi muda mrefu. Mlio wa sekunde chache baada ya kuwasha, upande wa mbele wa injini, elekeza macho kwenye cheni ya taimingi (inayozungusha mfumo wa valvu) na tenshona, yaani kikazio chake. Unaozidi oili ikipata moto na kuwa nyepesi, hasa ukikanyaga mafuta taratibu hadi mizunguko kama 2,500 kwa dakika kisha ukaachia, hapo shuku beringi za konrodi (vipande vya chuma laini vinavyoikumbatia kranki). Beringi kuu za kranki hutoa sauti nzito zaidi, ya chini kabisa, inayojitokeza injini inapobeba mzigo.

Idadi ya migongo nayo inasema mengi. Kemshafti (mhimili unaofungua valvu) huzunguka mara moja kila kranki inapozunguka mara mbili, kwa hiyo mlio wa tapeti huja kwa nusu ya kasi ya kranki. Fundi mwenye taa ya taimingi aibane kwenye waya wa plagi ya kwanza: kwenye injini yenye distribyuta, taa humulika mara moja kila mizunguko miwili ya kranki. Mgongo mmoja kwa kila mmuliko unaelekeza juu, kwenye valvu. Migongo miwili kwa kila mmuliko kwa kawaida inaelekeza chini, kwenye kranki na vinavyoizunguka. Mahali pa mlio patafutwe kwa stethoskopu ya fundi au bisibisi ndefu iliyowekwa mpini sikioni, mbali na feni na mikanda: kwenye kifuniko cha valvu, ubavuni mwa bloku mkabala na kila silinda, kwenye sampu, kifuniko cha mbele, na pale injini inapoungana na giaboksi.

Kisha ondoa vya nje. Fungua mkanda wa altaneta na kompresa, washa injini kwa muda usiofika dakika moja, kwani kwenye injini nyingi mkanda huohuo huzungusha pampu ya maji. Mlio ukipotea, injini haina kosa. Tafuta puli au beringi ya kifaa kimojawapo. Angalia pia puli ya kranki: raba yake ya ndani ikiachia, hugonga kwa sauti ya kutisha.

Gari la gia za otomatiki lina mtego wake, na kwa maoni yangu ndio unaotolesha injini nyingi zisizo na hatia. Sahani nyembamba inayounganisha kranki na toki konveta (kifaa kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi) hupasuka kuzunguka boliti za katikati, au boliti za konveta hulegea. Sauti yake hufanana mno na ya beringi ya konrodi. Dalili moja ni kwamba mlio hubadilika au hupotea ukiingiza gia huku umekanyaga breki. Kwenye magari mengi kuna kifuniko kidogo chini ya giaboksi; kifunguliwe, boliti zikaguliwe moja moja, na sahani imulikwe kwa tochi. Ni kazi ya muda mfupi tu. Sioni kwa nini iachwe.

Kipimo kinachotenganisha mambo vizuri zaidi ni kuzima silinda moja moja. Usichomoe waya wa plagi kwa mkono injini ikiunguruma: utapigwa na umeme na unaweza kuua koili (inayotoa umeme wa plagi). Zima injini, chomoa soketi ya nozeli (inayopuliza mafuta) ya silinda ya kwanza, washa, sikiliza sekunde kumi, zima, rudisha, nenda ya pili. Nozeli ni bora kuliko koili kwa sababu mafuta yasiyoungua hayataingia kwenye kichujio cha ekzosi. Mlio ukipungua sana silinda fulani ilipozimwa, tatizo liko kwenye konrodi au pistoni ya silinda hiyo, kwa sababu umeondoa nguvu ya mlipuko iliyokuwa ikiigandamiza. Pini ya pistoni iliyolika yaweza kufanya kinyume, mgongo mmoja ukawa miwili. Tapeti haijali silinda imezimwa au la. Kwa dizeli za komon reli (nozeli zote hulishwa na bomba moja la presha kubwa), kamwe usilegeze paipu ya nozeli: presha humo huzidi bar 1,000 na mafuta yake hupenya ngozi. Tumia mashine ya kompyuta kuzima nozeli, na usome marekebisho ya kila moja, maana nozeli inayochuruza hugonga kama beringi.

Usichanganye haya na mlio wa mafuta kuwaka ovyo, ule wa kokoto ndani ya kopo, unaosikika gari likipanda mlima kwa gia kubwa. Rudisha gia moja. Ukipotea, chunguza oktani ya petroli, masizi ndani ya silinda, joto la injini, valvu ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini) na hewa inayoingia pasipostahili. Msimbo wa hitilafu P0325 unahusu saketi ya sensa ya noki, ile inayosikiliza mlio huu. Lakini beringi inayogonga nayo yaweza kuidanganya sensa hiyo. Kontroli boksi (kompyuta ya injini) huchelewesha taimingi na gari hukosa nguvu, kisha sensa hubadilishwa bure.

Ushahidi ukielekea chini, pima presha ya oili. Injini ikiwa na moto kamili, fungua swichi ya oili na ufunge geji ya kimakanika mahali pake. Kitabu cha injini husika ndicho kinachoamua. Kwa injini nyingi ndogo za petroli, angalau bar 0.3 ikiwa silensa (ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta), na kati ya bar 2.5 na 5 kwenye mizunguko 3,000. Presha ikiwa chini, shuku kichujio cha pampu kilichozibwa na matope ya oili, oringi ya bomba lake, valvu ya kupunguza presha iliyokwama, pampu yenyewe, au beringi. Presha ikiwa nzuri, usishangilie bado. Beringi moja ya konrodi inaweza kuwa imekwisha huku nyingine zikiishikilia presha.

Filta iliyotolewa ikatwe kwa kikata bomba, si kwa msumeno wala grainda, zisije chembe za msumeno zikachukuliwa kuwa za injini. Kamua karatasi yake na uitandaze juani. Chembe zinazonaswa na sumaku ni chuma. Za rangi ya fedha zisizonaswa ni za alumini au tabaka la juu la beringi. Rangi ya shaba ni habari mbaya, kwani kwenye beringi nyingi tabaka hilo liko chini ya lile laini, na likionekana ndani ya filta ujue la juu limekwisha.

Hapo sampu ishuke, na gari lisiendeshwe tena, livutwe. Kila kofia ya konrodi iwekwe alama ya namba na upande kabla ya kufunguliwa, kwa sababu hazibadilishani. Beringi ya upande wa konrodi ndiyo inayobeba mlipuko, hivyo ulikaji uonekane huko kwanza. Nafasi kati ya beringi na kranki ipimwe kwa uzi wa plastiki wa Plastigage: futa oili yote, laza uzi, kaza kofia kwa torki ya kitabu, usizungushe kranki, fungua, linganisha upana. Nafasi ya kawaida ni takriban milimita 0.02 hadi 0.05. Kisha pitisha ukucha juu ya shingo ya kranki. Ukikwama, beringi mpya za saizi ileile hazitadumu. Shingo ipimwe kwa maikromita pande mbili, kranki ichongwe, na ziwekwe beringi za saizi ya kranki iliyochongwa milimita 0.25 au 0.50. Njia za oili zisafishwe, boliti za konrodi ziwe mpya pale kitabu kinapoagiza, na sababu ya kwanza iliyoua beringi itafutwe. Kichujio kilichozibwa kikiachwa, kitaua na hizi.

Kuhusu oili nzito: kutoka 5W-30 kwenda 20W-50 hupunguza sauti kwa kujaza nafasi, lakini nafasi haipungui. Asubuhi huchelewa kufika kwenye beringi, na mifumo ya kubadili taimingi ya valvu huendeshwa na oili inayopita kwenye vitundu vyembamba. Kama kitabu kinaruhusu daraja la juu kidogo kwa injini iliyochoka, vema, ila baada ya vipimo.

Mwenye gari anayeambiwa injini itolewe adai karatasi yenye mambo manne: presha ya oili ikiwa moto kwenye silensa na kwenye mizunguko 3,000, namba ya silinda iliyobadilisha mlio, kilichoonekana ndani ya filta, na nafasi ya beringi kwa milimita. Fundi aliyepima hatasumbuka kuyaandika.

Msomaji wako,
Fundi wa injini