Eneo kubwa la wazi halitoshwi na kamera peke yake

Wenye maeneo makubwa ya wazi, iwe ni shamba, yadi ya makontena au mitambo ya umeme wa jua, huanza na swali lilelile: niweke kamera ngapi? Sisi tunaofunga mifumo ya ulinzi hujibu kwa hesabu. Toleo la mwaka 2014 la IEC 62676-4, kiwango cha kimataifa cha kamera za ulinzi, lilipendekeza pikseli (nukta za picha) 250 kwa kila mita ili kumtambua mtu usiyemjua, na pikseli 25 ili kujua tu kwamba pale kuna mtu. Kamera yenye upana wa pikseli 1,920 itakupa sura kwenye upana usiofika mita 8, na kugundua mtu kwenye upana wa mita 77 hivi. Sasa piga hesabu ya hekta 20: nguzo ngapi, nyaya ngapi, na nani atakaa kutazama skrini zote hizo usiku kucha?

Kwa hiyo tunagawa kazi. Rada ya ardhini, inayotafuta vitu kwa mawimbi ya redio, ikifagia pembe ya nyuzi 90 hadi mita 400 inaangalia zaidi ya hekta 12 kwa mpigo, hata kukiwa na giza au ukungu. Itakwambia kitu kiko wapi na kinakwenda kwa kasi gani, ila ng'ombe na mtu aliyeinama huweza kufanana machoni pake. Hapo kamera ya joto, inayoona joto badala ya mwanga, ndiyo inayoamua, nayo ina siku zake mbaya: joto la ardhi likikaribiana na la mwili, picha hufifia, na mvua kubwa huipunguzia umbali. Kihisi cha mtikisiko kwenye uzio hunasa anayepanda au kukata waya. Upepo mkali nao hukitikisa.

Tunachotafuta ni vihisi vyenye udhaifu tofauti. Kufunga viwili vinavyodanganywa na kitu kimoja ni kulipia kasoro moja mara mbili.

Halafu kuna kanuni ya kengele, na hapa ndipo mifumo mingi huharibika. Ukisema kengele ilie kihisi chochote kinaposhtuka, ni wezi wachache tu watakaokuponyoka, lakini mlinzi atasumbuliwa mpaka azime sauti. Ukisema lazima viwili vikubaliane, utulivu unarudi, ila mwizi akipenya pale kimoja kisipoona, hakuna kitakacholia. Sisi hupendelea kanuni ibadilike kwa eneo: karibu na uzio wenye miti inayoyumba tunadai uthibitisho wa pili, kwenye mlango wa ghala kimoja kinatosha.

Vyote visome ramani moja na saa moja. Rada ikiona kitu, kamera inayozunguka hugeuka yenyewe na kuvuta picha. Lakini rada ikiwa imefungwa kwa kosa la nyuzi 1 tu, kwa umbali wa mita 400 kamera itaelekea mita 7 pembeni. Kama imevuta picha ya upana wa mita 8, itaonyesha majani matupu. Ndiyo maana siku ya makabidhiano tunatembea eneo zima kwa miguu, mchana na usiku, huku mwenzetu akilinganisha kwenye skrini.

Ukituomba makadirio, tuletee mchoro unaoonyesha majengo, makorongo, vichaka na njia za wanyama. Rada haioni nyuma ya ukuta wala chini ya korongo, na sehemu hizo ndizo tunazopangia vihisi kwanza.