Niandikeni mtoro

Genova, Italia
Alhamisi, 28 Agosti 2025

Mpendwa Mama,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, na Baba umpe shikamoo yake kabla hujaanza kusoma, asije akasema nimemruka tena. Mbukwenyi wote hapo nyumbani. Mimi ni mzima. Bibi ninayemtunza naye ni mzima, isipokuwa goti lake, ambalo hutabiri mvua kuliko redio.

Nimeamua kuandika kwa sababu jambo hili simu hailiwezi. Kwenye simu unaniuliza "umekula?" mara tatu, mdogo wangu anakupokonya ili adai viatu, kifurushi kinakata. Karatasi haikatiki.

Misa ya jubilei niliiangalia yote, Mama. Saa tatu yenu ni saa mbili yetu kipindi hiki cha joto, kwa hiyo nilikuwa nimeshamwogesha bibi na kumkalisha jikoni, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari. Alipoona vitenge vya njano na bluu vimejaa uwanja mzima, akauliza nani anaolewa. Nikamwambia hakuna harusi, ni parokia yetu inatimiza miaka 50. Akatikisa kichwa. Parokia yake, anasema, ina miaka mingi kuliko hesabu yake, na hajaona hata siku moja mtu akiipigia ngoma.

Basi vikaja vipaji vya matoleo. Wamama wa muheme, ngoma yetu ya Kigogo, wameingia na ngoma wamezibana mapajani, vumbi linapanda, upepo wa Agosti unageuza vilemba. Nyuma yao ungo wa uwele, ungo wa karanga, zabibu, mbuzi aliyegoma mlangoni mpaka akasukumwa. Wewe nilikujua kabla sijaona uso wako: bega la kushoto limelala kidogo, tangu ule mwaka ulipoanguka kisimani. Nikamshika bibi mkono, "huyo, huyo ndiye mama yangu!" na hapo hapo mtandao ukagoma. Picha ikaganda wewe mguu mmoja hewani, ungo kichwani, dakika nzima. Sidhani kama umewahi kutulia hivyo maishani mwako.

Historia ya parokia ilisomwa kwa ufasaha, ila ilikuwa ndefu na bado ikaacha mambo. Tuliambiwa mapadre waliofuatana, bati ziliezekwa lini, nyumba ya masista ilijengwa na nani. Haikusemwa habari anayoisimulia Baba kila Pasaka: kwamba mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, watu walitolewa kwenye tembe zao wakaletwa kando ya barabara, na katekista akawafuata na baiskeli, kile kipande cha reli kilichokuwa kengele amekifunga nyuma. Akakitundika kwenye mbuyu, akagonga. Parokia ilipotangazwa mwaka uliofuata, enzi za Askofu Isuja, watu walikuwa wameshasali pale msimu mzima. Wala haikusemwa mchanga ulitoka wapi. Ulitoka korongoni, kwenye madebe, vichwani mwa wanawake, Jumamosi baada ya Jumamosi. Bibi mzaa Baba alikuwa na upara mdogo utosini kwa sababu ya lile debe, na alikuwa akiuonyesha kwa wageni kama mtu anayeonyesha cheti.

Sasa nifike kwenye jambo langu.

Baada ya misa mshereheshaji alishika kipaza sauti kusoma michango. Akaanza na jumuiya ndogondogo za parokia, moja moja. Ilipofika jumuiya yetu nikasogeza simu. Akasoma: mama fulani, 20,000 na debe la mahindi. Baba fulani, 10,000, na atamalizia baada ya mavuno ya zabibu. Yule jirani yetu mjane, kuku wawili. Wewe na Baba, 40,000. Nikasubiri. Akafunga ukurasa.

Nikadhani ile laki tatu niliyotuma haikufika, nikaanza kutafuta ujumbe wa muamala. Kumbe nimewekwa kwenye karatasi nyingine. Baada ya mheshimiwa diwani, baada ya wafanyabiashara wa Kibaigwa waliotoa magunia, nikasikia: "Na mdau wetu kutoka ughaibuni, Italia, laki tatu! Wadau, makofi!" Vigelegele vikapigwa. Mimi nimesimama jikoni kwa watu na taulo begani, sijui nicheke au nifanye nini.

Mama, sikatai kushukuriwa. Lakini nimebatizwa pale, kipaimara pale, nimefagia ule uwanja mpaka najua jiwe linalokwaza vidole. Miaka minne tu nimekuwa mdau? Tena sina wa kumlaumu. Aliyesoma alisoma alichoandikiwa, na aliyeandika aliona pesa inatoka mbali akaiweka na pesa za mbali.

Alhamisi iliyofuata, maana Alhamisi mchana huwa ni mapumziko yangu, nilipanda treni nikaenda Ovada. Ni saa moja hivi kutoka hapa, njia ya milimani. Huko ndiko alikozaliwa Mtakatifu Paulo wa Msalaba mwaka 1694, yule wa Kanisa Kuu letu pale Dodoma mjini. Nyumba yao ipo mpaka leo, nyumba ya kawaida tu kwenye mtaa mwembamba. Nilikuwa napita karibu na mji huo kila siku kimawazo bila kujua. Mwaka huu mwezi Oktoba anatimiza miaka 250 tangu afariki Roma. Nikakuwashia mshumaa, na mwingine wa goti la bibi, kwa kuwa alinipa euro mbili na maagizo makali.

Nikiwa pale nikawawaza mapadre wa shirika lake, Wapasionisti wenye alama ya moyo na msalaba kifuani, waliokuja kwetu miaka ya 1930 kabla Dodoma haijawa hata jimbo. Wale ndio walikuwa ughaibuni, Mama! Ughaibuni kwao kulikuwa kwetu. Kuna mama zao hapa kwenye vilima hivi waliokuwa wakingoja barua miezi, na bila shaka swali lilikuwa lile lile: umekula? Wakajibiwa nini, kwamba leo ni ugali wa uwele na mlenda? Na wazee wetu hawakuwaita wadau. Waliwapa majina ya Kigogo na kuwasema wakichelewa mazishini.

Ndiyo maana naomba hivi. Ile pesa imeshaliwa, sawa, wala msiibadilishe kwenye vitabu vya parokia. Nachotaka ni daftari la jumuiya, lile la mahudhurio lenye jalada la plastiki ambalo katibu hulifunga kwenye khanga. Nasikia jina langu lilikatwa nilipoondoka. Lirudishwe. Jumamosi alfajiri wakiitwa majina na langu liitwe, na kwa kuwa sitaitika, niandikeni mtoro. Faini ya 500 kila Jumamosi nitalipa, nitakuwa naitumia kwa mwezi, isomwe kwenye faini, siyo kwenye ufadhili. Katibu akikataa, Baba amkumbushe alivyokuwa akitufundisha kwamba hizi jumuiya maaskofu wa AMECEA, yaani wa Afrika Mashariki, walizikazania mwaka 1976 ili watu wasipotee kwenye umati. Baba huipenda sana hiyo habari, atafurahi kupata sababu ya kuisema.

Na nipangieni zamu. Najua siwezi kuchota maji nikiwa huku. Lakini mgonjwa akitakiwa kupigiwa simu, mimi nipo. Rozari ya mwezi wa kumi fungu moja naweza kuliongoza kwa simu, mkiniwekea spika juu ya meza na mkamfukuza yule jogoo.

Huku misa ninayokwenda tunajaa viti vinne, wengi wazee, na padri ametoka Nigeria. Ananiita "dada wa Dodoma" na huwa ananiachia kusoma somo la kwanza. Wiki iliyopita niliteleza nikamalizia kwa Kiswahili, "Neno la Bwana." Bibi mmoja wa nyuma akajibu vizuri tu kwa lugha yake, hakuona tofauti.

Kitenge changu cha jubilei usikipeleke kwa fundi kwa vipimo vya zamani. Nimenenepa, tambi za huku hazina huruma. Kiweke tu.

La mwisho. Yule kijana wa kamera kuna mahali alipotea akaenda nyuma ya kanisa, kwenye mafiga, nikaona pilau linageuzwa kwa mwiko mkubwa kama kasia. Sufuria la pili kutoka ukutani ni langu, lile nililonunua Sabasaba kwa mshahara wa kwanza. Nililijua kwa ile rangi nyekundu ya kucha niliyopaka kwenye sikio. Nilifurahi mno, Mama, kuliko nilivyofurahia yale makofi. Lakini nakujua unavyoona haya kudai. Wiki mbili zimepita. Kama bado halijarudi, mtume mdogo wangu akalichukue, na alikague kitako.

Mwanao,
mtoro wa Genova