Risala ya Vijana wa Parokia kwa Mgeni Rasmi, Sikukuu ya Mtakatifu Karoli Lwanga na Wenzake, 3 Juni

Mheshimiwa mgeni rasmi, Baba Paroko, masista, makatekista, Mwenyekiti wa Halmashauri ya Walei na wajumbe wako, wazazi wetu na vijana wenzetu: Tumsifu Yesu Kristo!

Karibu sana. Leo hatutakuchosha kwa kuhesabu wanachama na nyimbo. Tunalo jambo moja, ambalo huua vikundi vya vijana parokiani upesi kuliko ukata: makabidhiano ya uongozi.

Yosefu Mukasa Balikuddembe, kiongozi wa vijana Wakristo wa ikulu, aliuawa 15 Novemba 1885. Siku hiyohiyo Karoli Lwanga alibatizwa, naye ndiye aliyeshika uongozi wa vijana hao, wahudumu wa ikulu ya Mwanga, Kabaka (mfalme) wa Buganda. Mei iliyofuata, walipokaribia kuhukumiwa, aliwabatiza wenzake waliokuwa bado wakatekumeni, Kizito akiwamo, kisha 3 Juni 1886 wakafia Namugongo. Kundi lile halikukaa siku moja bila kiongozi. Sisi, tusiotishwa na mtu, daftari tu hulikabidhi kwa miezi mitatu.

Sababu mojawapo ni kalenda. Mwenyekiti na katibu mara nyingi ni wanafunzi wa kidato cha sita. Mtihani wao ni Mei, baadaye Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), baadaye chuo. Kamati nzima ikichaguliwa siku moja, nzima huondoka kwa mkupuo. Dawa ni kuchagua kwa zamu: mwaka huu mwenyekiti na mhazini, mwaka ujao katibu na makamu, na angalau mmoja wao awe kijana mwenye kazi au biashara hapahapa.

Ya pili ni fedha. Michango ya hija na makongamano hutumwa kwenye simu ya mhazini. Laini ile imesajiliwa kwa alama za vidole vyake na kitambulisho chake cha NIDA, kwa hiyo haikabidhiki. Akihama, namba iliyotangazwa kanisani huendelea kupokea michango, hata yeye awe mwaminifu kama nani. Pesa yake ya vocha na ya kikundi zikishachanganyika, hapo hata malaika hafungi hesabu. Kikundi kinahitaji akaunti ya benki chini ya parokia, watia sahihi watatu, na sahihi mbili kila pesa inapotoka. Mhazini abaki na fedha ndogo ya nauli tu.

Siku ya kukabidhiana, wa zamani na wapya wakae meza moja, Baba mlezi akiwapo. Kitabu cha stakabadhi kifunguliwe na namba ya mwisho iliyotumika iandikwe kwenye hati, maana karatasi ikichanwa katikati hakuna atakayejua mwaka ujao. Kisha mihtasari, daftari la mapato na matumizi, muhuri, na usimamizi wa kundi la WhatsApp. Vyombo vya kwaya visihesabiwe kwa macho: spika ziwashwe, kila maiki ijaribiwe. Waya nyingi huonekana nzima huku zimekatikia ndani, karibu na plagi, kwa sababu tunazikunja kwa kuzizungusha kiganjani na kwenye kiwiko. Wapya wafundishwe palepale kuzikunja kwa duara pana bila kuzisokota.

Huduma nayo huanguka hapohapo. Kwaresima ikifika, vijana thelathini huingia nyumba moja ya mgonjwa na sabuni na sukari, halafu nyumba ile haioni kijana tena hadi Kwaresima nyingine. Na mara nyingine mgonjwa ana kisukari! Anayejua nani anaumwa na nini ni jumuiya ndogo ndogo, ambako vijana wengi hatuonekani. Vijana wanne wanne, kila kikosi na nyumba yake, Jumamosi mbili kwa mwezi, wakianza kwa kumuuliza katibu wa jumuiya kinachohitajika: mara nyingi ni ndoo za maji na kuni zilizopasuliwa. Orodha hiyo ya nyumba nayo iingie kwenye makabidhiano.

Wazazi wetu, tunasema kwa heshima. Mwakilishi wa vijana anacho kiti katika Halmashauri ya Walei, ila ajenda huiona akishaketi, na zamu yake ya kusema huja ikifika habari ya kupanga viti. Akipewa ajenda wiki moja kabla, atawauliza wenzake na kuja na neno.

Mheshimiwa mgeni rasmi, maombi yetu ni matatu: kabati la chuma lenye kufuli, likae ofisi ya parokia, mtu wa hesabu wa kutufundisha kwa Jumamosi mbili, na wewe mwenyewe uwe shahidi wa hati ya makabidhiano, ambayo ipo mezani hapa mbele yako pamoja na kalamu.

Tunaomba kuwasilisha. Tumsifu Yesu Kristo!