Chinchila si sungura, tusimfuge kwa mazoea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nichangie, na kwa sehemu nipinge, yale yaliyoandikwa hivi karibuni katika ukurasa wenu wa familia kuhusu wanyama wadogo wa kufugwa ndani ya nyumba. Mwandishi alimsifu chinchila kuwa ni mpole, hanuki, hana gharama na hutunzwa sawa na sungura, kisha akawashauri wazazi kuwanunulia watoto wao. Kwamba ni mpole na hanuki, sina ubishi. Hayo mengine nayapinga, kwa sababu nafanya kazi ya usaidizi katika zahanati ya wanyama hapa Minneapolis, Marekani, na wanyama wanaofugwa kwa ushauri wa namna hiyo ndio tunaoletewa, aghalabu wakati mambo yameshaharibika.

Chinchila ni mgugunaji mdogo, akikomaa huwa na uzito wa gramu 400 hadi 600 hivi, na asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, ambako hewa ni kavu, usiku ni baridi na chakula ni majani magumu na magome. Mwili wake wote umeumbwa kwa maisha hayo. Kila kitundu cha ngozi yake huotesha nywele zaidi ya 50, na manyoya hayo ndiyo yaliyomponza, kwani wawindaji wa ngozi walimwinda hadi karibu kummaliza, na leo spishi zake zote mbili zimo katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Wanaouzwa madukani ni wazao wa vizimbani, wengi wao hapa Marekani wakitokana na wale 11 ambao mhandisi wa migodi, Mathias Chapman, aliwaleta California kutoka Chile mwaka 1923. Chapman alitafuta biashara ya ngozi, wala hakuwa na huruma ya pekee kwa viumbe hao, lakini hata yeye alijua kwamba lazima awashushe milimani pole pole na awapoze kwa barafu melini, la sivyo asingefika na hata mmoja.

Hapo ndipo lilipo kosa kubwa la makala ile, ambayo haikuandika hata sentensi moja kuhusu joto. Chinchila hatoki jasho, na koti lile zito halivuliwi. Anastarehe katika nyuzi 15 hadi 20 za Selsiasi, na zikishapita 25 huwa yumo hatarini, hasa hewa ikiwa na unyevu. Wafugaji wa hapa wana hesabu yao nyepesi: chukua joto la chumba kwa kipimo cha Farenhaiti, ongeza asilimia ya unyevu wa hewa, na jumla ikizidi 150, mnyama hayuko salama. Hebu msomaji aipige hesabu hiyo kwa Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari. Nyuzi 30 za Selsiasi ni 86 za Farenhaiti. Ukiongeza unyevu wa asilimia 75 unapata 161, na hapo bado hatujazungumzia saa nane mchana chini ya bati. Feni haimsaidii, kwa kuwa upepo humpoza anayetoka jasho. Kwa hiyo mtu wa pwani, au ndugu zetu walioko Muscat na Dubai, anayetaka kumfuga mnyama huyu hana budi kuwa na kiyoyozi kinachofanya kazi mchana na usiku, na awe na jibu la swali la umeme ukikatika. Asiye na jibu hilo asimnunue. Najua mtu wa Limuru au Njombe atanijibu kwamba kwao ni baridi, na ni kweli, ila baridi ya ukungu inayoacha nguo zikae siku mbili kambani bila kukauka siyo ile ya Andes, na unyevu nao humdhuru.

Dalili za kuzidiwa na joto huanza masikioni, ambayo hugeuka mekundu huku mishipa yake ikionekana wazi. Baadaye hulala ubavu, huhema mdomo wazi na kutokwa na ute. Akifikia hapo ahamishiwe mara moja chumba cha ubaridi na daktari apigiwe simu, na mtu yeyote asimtumbukize majini kwa kudhani anamwokoa.

Suala la maji linanileta kwenye ushauri mwingine wa makala ile, kwamba aogeshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya watoto. Haogeshwi. Manyoya yake yakilowa hadi kwenye ngozi hayakauki upesi, mnyama hupata baridi mwilini, na ukungu wa ngozi hupata pa kuota, ukiwamo ule wa choa unaoweza kumwambukiza hata mtoto anayembeba. Yeye huoga vumbi. Huwekewa bakuli zito lenye vumbi laini la mawe ya volkano linalouzwa kwa kazi hiyo, mara mbili au tatu kwa wiki, kwa dakika kumi au kumi na tano. Atalinusa kwanza, atalikwangua kwa mikono, halafu ghafla atajitupa ubavu na kujibiringisha kwa kasi hata usimwone kichwa wala mkia, akisimama hujikung'uta, na chumba kizima kinahitaji kufutwa. Vumbi hilo hufyonza mafuta na unyevu kwenye manyoya. Mchanga wa kujengea ni mkali mno kwa manyoya hayo, na poda ya mtoto haifai kabisa. Bakuli liondolewe akishamaliza, kwa sababu vumbi likizidi hukausha ngozi na kuwasha macho.

Nije kwenye chakula, ambacho kwa maoni yangu ndicho kinachoua chinchila wengi kimya kimya. Sungura wetu tumemzoesha mchicha, kabichi na maganda ya karoti, naye huvumilia. Chinchila ana meno 20, na yote, yakiwamo magego, hukua maisha yake yote. Yale ya mbele peke yake hurefuka kwa zaidi ya sentimeta 5 kwa mwaka. Kinachoyapunguza ni kutafuna nyasi kavu saa nyingi kila siku, basi nyasi safi zisizo na ukungu zisikosekane kizimbani hata usiku mmoja. Hapa tunatumia zaidi nyasi za timothi. Chakula cha vidonge kinachotengenezwa kwa ajili yake ni kijiko kimoja au viwili vya mezani kwa siku, na maji safi yawe kwenye chupa ya kunyonya. Karanga, mbegu za alizeti, zabibu kavu na vipande vya ndizi, ambavyo ndivyo watoto hupenda kumpa kwa kuwa huvipokea kwa mikono miwili na kuvila kwa madaha, vina mafuta na sukari ambavyo utumbo wake hauviwezi. Hujaa gesi, utumbo husimama, na kwa maumbile yake hawezi kutapika. Chinchila aliyelala na nyasi zake bila kuzigusa hangojewi mpaka Jumatatu.

Meno yake ya mbele yakiwa na rangi ya manjano iliyokolea, karibu na chungwa, mshukuru Mungu, maana hiyo ndiyo afya. Yakiwa meupe, kuna jambo. Magego hayaonekani bila vifaa vya daktari, lakini yakirefuka kupita kiasi huleta dalili ambazo mwenye nyumba anaweza kuziona: manyoya ya kidevuni yanayolowa mate, jicho linalotoa machozi, na mnyama anayeokota kidonge, akakishika, halafu akakiacha. Tunaoletewa hali hiyo wengi wamelishwa vidonge na matunda kwa miaka, nyasi wakizipata kama tandiko tu.

Kuhusu kizimba sina mengi. Kiwe kirefu kwenda juu, cha waya, chenye vibao vya mbao vya kurukia, na sakafu yake isiwe waya mtupu, kwani nyayo huchubuka zikafanya vidonda. Plastiki ataitafuna na kuimeza. Ile mipira ya plastiki ya kumfungia mnyama ndani abingirike sebuleni ingefaa ipigwe marufuku, kwa sababu hewa yake ni finyu na joto hupanda humo upesi sana.

Ama kuhusu watoto, chinchila huamka jioni, hushughulika usiku na hulala mchana, yaani saa zile ambazo mtoto ametoka shule na anataka kucheza. Hapendi kubanwa kifuani, na akishikwa manyoya kwa nguvu huyaachia fungu zima mkononi mwa aliyemshika ili akimbie, hila aliyozaliwa nayo ya kuwaponyoka wanaomwinda. Tena ni mnyama wa kuishi na wenzake, hivyo anayetaka mmoja ajiandae kwa wawili wa jinsia moja waliozoeana, maana dume na jike watazaliana, na mimba yao huchukua siku 111 hivi. Akitunzwa vizuri huishi miaka 10 hadi 20. Mtoto wa darasa la tatu atamaliza chuo kikuu, mnyama bado anasubiri nyasi zake, na atakayezileta ni mama au baba.

Sisemi kwamba asifugwe na mtu yeyote. Wapo wanaomweka vizuri sana, na ni kiumbe anayevutia kumtazama usiku akiruka kutoka kibao hadi kibao. Ninachoomba, Ndugu Mhariri, ni makala ile isahihishwe kabla wasomaji hawajaitumia, angalau kwa mambo matatu ya joto, maji na chakula. Na kwa aliyekwisha kuwa naye nyumbani, amtafute sasa hivi daktari wa mifugo anayekubali kutibu wanyama wadogo wa aina hii, kwani si wote wanaowajua, kisha ampime kila wiki kwa mizani ya jikoni na kuandika uzito daftarini. Koti lile huficha mifupa. Mnyama anaweza kuwa amekonda vibaya na kwa macho akaonekana mnene, ila mizani itaonyesha gramu zikipungua wiki hadi wiki, wakati daktari bado ana la kufanya.

Msomaji wenu,
Minneapolis, Marekani